Mjomba na Biskuti za Miezi Sita

Biskuti rahisi kuliko zote haihitaji hata yai. Pima sukari gramu 100, siagi 200 na unga wa ngano 300, tia chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, umemaliza. Siagi iwe laini lakini isiyeyuke. Isugue na sukari mpaka ipauke, mimina unga, kusanya donge, sukuma, kata. Usilikande kwa hasira, maana ukilikanda sana unga unashika na biskuti inakakamaa. Baada ya hapo kazi yote ni ya moto. Na siku hiyo moto ulikuwa chini ya Mjomba, ambaye hakuna aliyemwajiri.

Mjomba ni mtu wa historia. Ukimuuliza saa, atakuanzia jua lilipoumbwa. Nilipokuwa nakata biskuti, yeye alikwishaanzia Uajemi ya karne ya 7, na sukari ilivyoingia kwenye majiko ya wakubwa. Ghafla akarukia manowari za Uingereza, ambako kila baharia alipewa biskuti ratili moja kwa siku, karibu gramu 450. Zilikaushwa kabisa ili zistahimili safari, zikawa ngumu hivi kwamba baharia aliigonga yake mezani kwanza, fukusi watoke, ndipo ale.

"Nenda kaoge, mpwa wangu," akaniambia. "Haya mengine niachie mimi."

Nikaenda.

Maelekezo yalikuwa ya Kimarekani: nyuzi 325 za Farenhaiti, dakika 20. Oveni yetu inahesabu kwa Selisiasi, ambako hizo ni kama 163 tu, na namba zake zinakomea 250. Mtu mwingine angeshtuka. Mjomba aliona oveni imepungukiwa. Akazungusha mpaka mwisho, kisha akapiga hesabu: kama nyuzi 75 zimekosekana, haki itendeke, zifidiwe kwa dakika. Akaongeza 15.

Nilitoka bafuni nikifuata kikohozi, kwa kuwa jikoni hapaonekani. Mjomba alikuwa dirishani anapunga moshi kwa trei ya pili. Biskuti za namna hii hutolewa zikiwa bado nyeupe, ukingo ndiyo kwanza unaanza kubadilika rangi, ukizigusa zinabonyea, hukazika zikipoa. Za kwetu hazikuwa na haja ya kupoa. Juu zilikuwa nyeusi za kung'aa, chini sukari iliyoungua imezigandisha, na nilipoinua moja kwa kisu, trei nzima ilikuja nayo.

Mkewe akaingia, khanga puani.

"Umepika nini?"

"Historia," akajibu Mjomba. Akabandua moja, akaigonga mezani. Ko! Ko! "Mnasikia? Hii ndiyo biskuti ya baharia halisi. Siku hizi mnakula sponji."

Akaing'ata. Tukasikia mlio, ila si wa biskuti. Akageuka ukutani, akajishughulisha kinywani, alipotugeukia tena meno ya juu yalikuwa mkononi, nayo biskuti bado imeyashikilia. Akavitenganisha kwa ncha ya kijiko, akayafuta meno kwa leso na kuyatia mfuko wa shati, kisha akaendelea na mhadhara.

"Thijakothea kitu," akasema.

Mkewe akamwonyesha herufi C kwenye oveni. Mjomba akaitazama muda mrefu.

"Kotha ni la Farenhaiti," akasema. "Anathumbua watu tangu 1724."

Nilipochukua pipa la taka, akanizuia kwa mwili. Akatueleza kwamba Amelia Simmons, katika kitabu chake cha mapishi kilichotoka Marekani mwaka 1796, ana biskuti za Krismasi ambazo anakiri zikitoka motoni huwa ngumu na kavu. Lakini anasema ziwekwe kwenye chungu cha udongo, na baada ya miezi sita zitakuwa laini na tamu zaidi. Hilo ni kweli, nimelihakiki. Kwamba mama huyo alikuwa akizungumzia makaa, hilo sikuliona.

Mjomba akaomba chungu.

"Miethi thita tu," akasihi. "Mtanishukuru."

Mkewe akakileta, akafunua kifuniko, akakisogeza mbele yake.

"Haya, baba. Anza kuingia wewe, labda na wewe utalainika."