Iona Fyfe na lugha anayoimbia

Nimeisoma kwa makini makala yenu kuhusu maisha ya Iona Fyfe, mwimbaji kijana wa nyimbo za jadi kutoka Huntly, Aberdeenshire, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, na naona mwandishi amepita haraka mno kwenye jambo lililo zito zaidi, yaani lugha anayoimbia. Mwaka 2021 Fyfe aliishawishi Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, iongeze Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo ndugu wa Kiingereza, katika orodha ya lugha za nyimbo, ilhali katika sensa ya mwaka 2011 watu zaidi ya milioni 1.5 wa Uskoti walisema wanaizungumza. Hilo si jambo dogo hata kidogo. Nyimbo za vibarua wa mashamba ya kaskazini-mashariki, waliolala pamoja vibandani na kuimba jioni juu ya matajiri wagumu na farasi wa kulimia, zilipokewa kwa mdomo, kwa lugha hiyo hiyo. Hamish Henderson, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alipomfikia mwimbaji Jeannie Robertson jijini Aberdeen mwaka 1953, alimkuta na hazina kubwa ya nyimbo alizofundishwa na mama yake. Fyfe, ingawa amesomea muziki chuoni Glasgow, bado anatamka maneno kama wanavyotamka watu wa kwao, na kwa hilo namheshimu sana. Naomba makala ijayo imuulize pia anavyomudu maisha tamasha zinapopungua.