Sato wakihema alfajiri: mashine ya hewa au samaki wachache?

Saa 11 alfajiri, uani kwa jirani yangu Goba, sato walijaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Jioni iliyotangulia walikuwa wakigombania chakula. Jirani alidhani wametiliwa sumu. Kumbe hewa ndiyo iliyoisha bwawani.

Maji ya kijani huwadanganya wengi. Mchana vijimea vinavyoyapa rangi hiyo hutoa oksijeni. Usiku navyo huivuta, sawa na samaki, huku samadi ya kuku inayotiwa kurutubisha maji na mabaki ya chakula yakioza chini na kuimaliza. Joto la Januari na Februari huongeza shida: maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8. Sato anataka 4 au 5 ili ale na kukua vizuri.

Wapo wanaosema nunua mashine ya kuingiza hewa majini, na nawaelewa. Kiwanja Dar ni ghali. Bwawa la mita 50 za mraba, kwa samaki 2 au 3 kila mita, halizidi samaki 150. Aliyechimba, akatandika nailoni na kulipia maji, faida haioni. Mashine humruhusu kuongeza samaki.

Hofu yangu ni umeme. Ukikatika usiku, samaki wachache huweza kuvumilia mpaka jua litoke; waliosongamana hufa kabla hujawasha jenereta. Na anayelala Kinondoni, bwawa liko Kigamboni? Kurundika samaki kwa kutegemea mashine isiyo na umeme wa akiba ni hatari kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Wengine hukimbilia kambale kwa sababu hupanda juu kuvuta hewa. Ni kweli kwa aliyekua. Kifaranga bado hutegemea matamvua ya kupumulia majini, na maji machafu humdhuru hata mkubwa.

Kwa bwawa la uani ningeanza na mkono. Uzamishe hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, punguza samadi na chakula.

Alfajiri ile tulichota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, tukachota tena, hadi mikono ikauma. Kulipopambazuka wadogo walianza kushuka chini. Waliokufa wengi walikuwa wakubwa, ndivyo ilivyo hewa ikipungua. Sasa jirani anaulizia bei ya mashine. Nimemwomba kwanza avue nusu ya waliobaki, awauze.