Mteja wa zulia akikuacha, utajua mwakani

Wiki iliyopita nilikwenda kuangalia mashine ya kuoshea mazulia iliyokuwa inauzwa. Mwenyewe ni kijana, mchapakazi, na mashine yake haijamaliza hata miaka miwili. Mpira haukuwa umepasuka popote, pampu inavuta vizuri. Nilipofungua tangi la maji machafu nikakuta ukoko mweupe umeganda kwenye kuta zake. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaulowesha kwa tone la maji, ukawa utelezi. Ilikuwa sabuni. Na kama imeganda hivyo ndani ya tangi, basi iliyobaki kwenye mazulia ya watu ni nyingi zaidi.

Nikamuuliza kwa nini anauza. "Kaka, wateja wamepotea tu."

Akanionyesha daftari lake. Mwaka wa kwanza kurasa zimejaa, siku nyingine mazulia manane. Mwaka wa pili majina yanapungua ukurasa hadi ukurasa, mpaka unafika mahali wiki nzima ina jina moja. Nikaanza kutafuta majina yaliyojirudia. Katika daftari zima nilipata matatu.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, kwa sababu kazi hii nimeifanya miaka mingi na daftari kama lile nimeliona mara nyingi mno. Kila anayefunga anasema wateja wamepotea. Hawakupotea mwaka huu. Waliondoka mwaka jana, siku ileile alipokunja mpira wake akawaaga mlangoni, na hakuna aliyemwambia.

Hapo ndipo kazi yetu inapotofautiana na nyingine. Kinyozi akiharibu kichwa cha mtu, ndani ya mwezi mmoja anaona kiti kitupu. Anayeuza chakula kibaya anajua kesho yake. Sisi zulia tunaitiwa mara moja kwa mwaka, kwa wengi. Ukiharibu leo, adhabu inakuja baada ya miezi kumi na miwili, na kwa miezi hiyo yote simu inaendelea kulia kwa sababu wapo watu wapya ambao hawajakujaribu. Mwaka wa kwanza karibu wote wanauona mtamu. Kijana anaamini ameshaiweza kazi, anaajiri msaidizi, anachukua mkopo wa mashine ya pili, kumbe hajapata hata mteja mmoja wa kudumu. Amewamaliza wageni tu.

Sasa, nini kinawaondoa? Wenzangu wengi watasema ushindani. Mimi nasema ni bei, lakini ile ya chini.

Kijana anapanga bei kwa kuhesabu sabuni na nauli. Haingizi uchakavu wa pampu, haingizi saa za njiani, saa za kusogeza makochi na kuyarudisha, wala siku atakazokaa bila kazi. Kubwa kuliko yote, haingizi siku ya kurudi kwa mteja kurekebisha. Kwa bei hiyo, ili apate riziki lazima aoshe mazulia manane kwa siku. Na mazulia manane hayaoshwi kwa siku moja na mtu mmoja. Yanaloweshwa tu.

Cha kwanza kurukwa ni kuvuta vumbi. Uchafu mwingi uliomo kwenye zulia ni mkavu: mchanga, vumbi, nywele, ngozi iliyopukutika. Ukiumwagia maji kabla hujautoa umetengeneza tope, na tope linashuka kwenye mashina ya nyuzi. Hubert Cecil Booth, Mwingereza aliyebuni mashine yake ya kuvuta vumbi mwaka 1901, hakuanza kwa kuwauzia watu mashine. Aliuza huduma. Mashine ilikuwa kubwa, inakokotwa na farasi, inasimama nje ya nyumba na mipira mirefu inapitishwa madirishani. Hakuwa na maji wala povu, vumbi tu, na watu walimlipa. Kila ninapomwona mtu anaanza na ndoo ya povu humkumbuka mzee yule.

Cha pili ni kusuuza. Sabuni iliyobaki kwenye nyuzi inanata, na chochote kinachonata kinakamata vumbi. Wiki mbili tatu baadaye njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi imekuwa nyeusi kuliko kabla hujaitwa. Mwenye nyumba hapigi simu kulalamika. Anasema moyoni, hawa wameniharibia zulia langu, basi. Tena wapo wanaoongeza sabuni kwa sababu mteja anapenda kuona povu na harufu nzuri. Hilo linaniumiza sana, kwa kuwa wanafanya kwa nia njema.

Cha tatu, ambacho kimefunga biashara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ni kukausha. Tuseme kahawa imemwagika na kuzama mpaka kwenye kitako cha zulia. Unaosha juu, doa linatoweka, unalipwa, unaondoka. Usiku maji yaliyobaki chini yanaanza kukauka kuelekea juu. Yanapanda kwenye nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, na yanapanda na rangi ya kahawa. Asubuhi doa liko palepale. Mteja hajui habari za utambi, anajua umemdanganya. Dawa yake haina siri: baada ya kupitisha maji, pitisha kichwa cha mashine mara tatu, nne, bila kumwaga maji, unanyonya tu, mpaka kioo chake kisionyeshe matone. Kisha washa feni, na juu ya lile doa acha taulo jeupe limekandamizwa na kitu kizito. Zulia likikaa na unyevu zaidi ya saa 24 hadi 48 linaweza kuota kuvu, na kwa ile harufu humpati tena mteja yule. Haya yote yanataka muda, na muda ndio uliouzwa siku ulipokubali ile bei.

Kuna kutojua nyuzi pia. Sufu haitaki sabuni yenye magadi makali, na dawa ya klorini inaiyeyusha kabisa. Chomoa uzi mmoja chini ya ukingo, uchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu, nyuzi za plastiki zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ni dakika moja. Zulia moja la sufu ukililipa, mapato ya mwezi yamekwisha.

Nakubali, wapo waliofanya kila kitu sawasawa na bado wakaanguka. Mtaji unaisha, mgonjwa anatokea nyumbani, pesa ya kazi inaingia mfuko mmoja na pesa ya familia. Na wapo wakubwa wanaoweza kushusha bei mpaka mdogo akakosa pumzi. Siwezi kulikataa hilo. Lakini daftari lenye majina matatu yaliyojirudia halikuandikwa na wakubwa.

Mashine sikuinunua. Nilimwomba apige simu kwa jina lolote la mwaka wa kwanza. Akachagua mama mmoja, akaweka spika. Mama alimkumbuka vizuri, akamsalimia kwa upole, akamuuliza hali ya kazi. Kijana akamuuliza zulia liliendeleaje. Kimya kidogo. "Mwanangu, lile la sebuleni lilirudi kuwa jeusi hata mwezi haujaisha. Niliona haya kukusumbua, ulikuwa umejitahidi sana."

Kijana alikaa chini juu ya tangi lake. Baada ya muda akamuuliza kama anaweza kwenda kuliangalia bila malipo. Tunakwenda wote Jumamosi, zulia moja tu siku nzima, na ndani ya mashine tumekubaliana kuweka maji ya moto peke yake. Sabuni ya kufanyia kazi ipo tayari mle ndani ya zulia.