Sahihi ya Pili Pembeni ya Mfalme

Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kufika kwa Daktari Mukwege kule hospitali ya Panzi, mimi nilikuwa soko la Kadutu, kwa mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Watu walikuwa bado wanaizungumzia hotuba yake ya Kinshasa, ile ya kueleza masikitiko yake makubwa kwa yaliyotendeka enzi za ukoloni. Mama alikuwa anapima. Akasimamisha kikombe hewani: "Masikitiko tu? Kuomba pardon kunamshinda nini? Si yeye ndiye mfalme?"

Hawezi, mama, kwa sababu ni mfalme. Katiba ya Ubelgiji, tangu ile ya 1831, inasema tendo la mfalme halina nguvu mpaka waziri atie sahihi pembeni, na waziri huyo ndiye anayebeba lawama. Maneno mazito kama yale, serikali huyakubali kwanza. Bunge lao liliunda tume kuhusu ukoloni, nayo Desemba 2022 ikamaliza kazi bila mapatano, wakiwa wamegawanyika juu ya neno hilo hilo la kuomba radhi. Mimi pia nililitaka lile neno, na bado nalitaka. Ila sitaki mfalme anayewaamulia waliochaguliwa.

Wengi huku humwona mfalme wa namna hiyo kama picha ya ukutani. Siafiki. Mwaka 1990 Baudouin, mfalme wa Ubelgiji wakati huo, alikataa kusaini sheria ya kutoa mimba, dhamiri yake haikumruhusu. Tarehe 4 Aprili mawaziri wakatangaza kuwa hawezi kutawala, wakaisaini wao. Kesho yake bunge likamrudisha kitini. Sheria ikapita, hakuna aliyemlazimisha kuikana imani yake, na hakuna askari aliyetoka kambini.

Sasa mtazame Leopold wa Pili. Brussels alikuwa mfalme wa katiba, na waziri wake pembeni. Huku kwetu, kuanzia 1885 hadi 1908, nchi nzima ilikuwa yake binafsi: waliomsaidia aliwateua mwenyewe na walijibu kwake tu, wala hapakuwa na bunge la Kongo la kuwahoji. Mpira ukadaiwa kwa bunduki, vijiji vikachomwa, mikono ikakatwa. Nikisikia ubaya wote ulikuwa moyoni mwa mtu mmoja, nakataa. Wabelgiji walikuwa na mtu yule yule, moyo ule ule. Sisi tulikosa sahihi ya pili.

Ndiyo maana nawafikiria bami wetu, watawala wa kimila; mmoja wao huitwa mwami. Nawaheshimu, na nisingependa kuona Bushi, nchi ya Washi, bila mwami. Kifungu cha 207 cha katiba yetu ya 2006 kinawatambua, kinawataka walinde umoja wa taifa, na anayetaka kiti cha kuchaguliwa aende kuomba kura kama wengine. Vizuri. Lakini mwami wetu ni alama ya watu wake na papo hapo ni mtendaji: ofisi yake inatoza kodi, inagawa ardhi. Baraza la kuchaguliwa la kumsimamia limeandikwa kwenye sheria. Uchaguzi wake tungali tunaungoja. Ningetaka kila karatasi ya ardhi isainiwe pia na mtu ambaye wananchi wanaweza kumwondoa kwa kura, ili heshima ya mwami isichafuliwe na ugomvi wa mipaka.

Marehemu baba yangu alitoa kalinzi, yale malipo ya kimila ya kupata ardhi, akapewa shamba mlimani. Alipofariki, mtawala mmoja wa kimila akakata nusu yake akampa mtu mwingine. Karatasi ya huyo mwingine nimeishika kwa mikono yangu: muhuri wa zambarau, sahihi moja, na upande wa kulia nafasi tupu. Nilipouliza nani mwingine aliidhinisha, karani alinitazama kana kwamba nimemtukana. Sasa mpaka wa shamba unapita katikati ya migomba aliyoipanda mama.