Samli haifiki kwenye neva

Makala moja niliyoisoma inasema mgonjwa aliyepoteza uoni wa jicho moja ghafla, kwa kuwa neva ya jicho ilikosa damu ya kutosha, ameanza kuona tena baada ya miezi ya tiba ya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, ikiwemo kumiminiwa samli jichoni (netra tarpana). Sibishi kwamba anaona. Swali ni nani kamponya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1995 ulilinganisha waliopasuliwa ala inayofunika neva hiyo na walioachwa bila upasuaji. Katika hao walioachwa, takriban asilimia 43 waliweza kusoma mistari 3 au zaidi ya ziada kwenye ubao wa herufi wa kupimia macho ndani ya miezi 6. Angekuwepo mganga wa samli pembeni yao, sifa zote zingekuwa zake!

Na hiyo netra tarpana yenyewe: jicho linazungushiwa kiukuta cha unga uliokandwa, inamiminwa samli ya uvuguvugu, unapepesa. Inaburudisha, sawa, ila neva iko nyuma kabisa ya jicho.

Kilichoniudhi hasa ni kutotajwa kuvimba kwa mishipa ya damu ya kichwani, ambako nako huweza kuinyima neva hiyo damu, na huwapata waliovuka miaka 50: kichwa kinauma kuliko kawaida, taya linachoka ukitafuna, ngozi ya kichwa inauma ukichana nywele. Mwenye dalili hizo anahitaji steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) siku hiyohiyo, maana jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache. Wasio na dalili hizo nao wapimwe presha na sukari, na anayekoroma hadi pumzi kukatika usingizini amwambie daktari.