Gunia la Viazi kwa Shilingi Sifuri

Jamani, viazi vya Uyole, Mbeya, vimeshuka bei mpaka shilingi 0. Ndivyo programu ya bei kwenye simu inavyosema, na simu haina aibu. Seva imejibu 200, yaani mambo sawa, intaneti ipo, hakuna hata mstari mwekundu, halafu gunia zima bure! Mkulima akiiona hiyo pale soko la Mwanjelwa, wa kutafutwa si seva, ni aliyeandika programu.

Ubaya wa Go, lugha ya kuandikia programu, ni upole. Fildi ya kwenye strakti (fomu ya data unayoiandaa kwenye kodi) isipopata mwenzake kwenye JSON (maandishi ya data yanayotumwa na seva), haigombi na mtu: namba inabaki 0, stringi inabaki tupu, err, ya kuripoti kosa, inarudi nil, yaani hakuna kitu, mambo shwari. Heri konda wa Kabwe, ukipanda gari siyo anakushusha kwa kelele ujue umepotea.

Na chanzo chenyewe mara nyingi ni cha kijinga. Seva imeandika bei_gunia, modeli, yaani hiyo strakti yako, imeandika BeiGunia. Go haijali herufi kubwa na ndogo, ila kile kimstari cha chini inakijali, kwa hiyo bila kuibandika fildi jina la seva kwa tagi ya json:"bei_gunia" hao wawili hawajuani. System.Text.Json, maktaba ya JSON ya lugha ya C#, ndiyo usiseme: beiGunia na BeiGunia kwake ni koo mbili mpaka uwashe PropertyNameCaseInsensitive. Halafu kuna yule anayeweka tagi safi, imenyooka, kwenye fildi iitwayo bei, kwa herufi ndogo. Katika Go, fildi ya herufi ndogo haitoki nje ya pakiti yake (kifurushi cha kodi), kichanganuzi hakiigusi. Amri ya go vet, mkaguzi wa kodi, ingemwambia, lakini nani anaiendesha? Baridi hii ya Juni, hata vidole vimegoma.

Wengine bei ipo kabisa, imefungwa ndani ya "data", wao wanaitafuta nje ya bahasha.

Sasa watakwambia washa DisallowUnknownFields, swichi ya Go ya kukataa fildi isiyoijua. Washa. Kwenye jina lililokosewa itakusaidia: itatoa json: unknown field "bei_gunia", ujue seva inaiitaje. Lakini kazi yake ni kukamata lumbesa, kile kilichozidi juu ya gunia. Gunia likija pungufu, inalipitisha bila kulipima! Upungufu unaupima mwenyewe: fanya fildi iwe *float64, namba inayoweza kuwa nil, kisha uliza kama ni nil. Hata hapo, fildi iliyokosekana na fildi iliyokuja na null zote zinakupa nil ile ile. Na kama anayetuma ameweka omitempty, agizo la kuacha fildi tupu, kwenye namba ya kawaida, 0 yake halali haisafiri kabisa. Ghala lililokwisha viazi linafika kama ghala lisilojulikana.

Dart, lugha nyingine, haina upole, ina kisirani. Unaipa 85000, yenyewe inataka 85000.0: type 'int' is not a subtype of type 'double'. Senti zenyewe nani kaziona siku hizi? Andika (json['bei_gunia'] as num).toDouble(), yaishe. Lugha ya Kotlin na Gson, maktaba ya JSON, nao wana lao: kwenye majaribio kila kitu kinakwenda, toleo la wateja fildi zinarudi null, kumbe R8, chombo cha kubana programu za Android, imefupisha majina yote kuwa a, b, c. Bandika @SerializedName yenye jina la seva kwenye kila fildi.

Kabla ya kugombana na mtu wa seva, soma jibu likiwa bichi: kwenye Go, io.ReadAll, lichapishe, ndipo baiti hizo hizo uzipe json.Unmarshal. Wanaochapisha halafu wakaipa dekoda resp.Body (mwili wa jibu) ile ile wanaambulia EOF, yaani limekwisha. Jibu halisomwi mara mbili. Kisha weka jina la seva kushoto, la modeli kulia, herufi kwa herufi, na alama za kunukuu uziangalie. Maana unaweza kukuta ni "bei_gunia ", yenye nafasi mwishoni. Nafasi! Kidole gumba cha mtu mmoja kimeteleza, na Mbeya nzima inakula chipsi za bure.