Wahenga walisema, sawa, ila wahenga gani?

Mwaka juzi kwenye kikao cha ukoo wetu kulikuwa na ishu ya shamba, tuuze au tusubiri. Mjomba wangu mmoja akasimama akasema haraka haraka haina baraka, watu wakaitikia kwa nguvu, alafu hazikupita dakika mbili mwingine akasimama akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na wale wale walioitikia mwanzo wakaitikia tena. Mi nikawa nacheka kimoyomoyo maana hakuna aliyeona tatizo. Ni shangazi mmoja tu, mama wa miaka sabini na kitu ambaye shule kaishia darasa la tatu, ndo akauliza taratibu: "Kwani hao wahenga walishawahi kuuza shamba, au walikuwa wanaongea tu?" Kisha akaanza kulichambua suala lenyewe: mwaka jana bei ilikuwaje, anayelitaka ni nani, kwanini alitake sasa hivi, na tukisubiri tunasubiri kitu gani hasa.

Kisa hiki kimenirudia kwa sababu siku hizi nasoma sana habari za Henry Odera Oruka, yule profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki 1995, na swali lililomhangaisha miaka na miaka ni hilo hilo la shangazi. Mtu tukisema anajua, tunamaanisha anaweza kurudia kile watu wake husema, au anaweza kukishika, akakigeuza geuza na kukiuliza maswali? Wanafalsafa wenyewe wanaita nadharia ya maarifa. Jina zito lakini kitu chenyewe ni cha kikaoni kabisa.

Wakati Oruka anaingia kwenye mjadala wa kama Waafrika wana falsafa yao, palikuwa na kambi mbili zinatunishiana misuli. Ya kwanza ilianzia kwa padri wa Kibelgiji, Placide Tempels, aliyekaa Kongo kwa Waluba na mwaka 1945 akatoa kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Alikuwa na nia nzuri tu, alitaka wenzake wa Ulaya waache kudhani Mwafrika hana mawazo, ila ukisoma unakuta wazo ni la kabila zima, hakuna mtu mmoja mwenye jina anayesema "mimi sikubali". Mwaka uliofuata Mfaransa Marcel Griaule akaenda kukaa siku 33 na mzee kipofu wa Kidogon kule Mali, anaitwa Ogotemmêli, huyu angalau ana jina, akamsimulia mfumo mzima wa dunia ilivyoumbwa na kila kitu maana yake. Kambi ya pili ni wasomi kama Paulin Hountondji wa Benin, waliosema jamani tusidanganyane, imani za watu wote kwa pamoja sio falsafa, falsafa ni mtu na hoja yake, tena iwe imeandikwa ili mwingine aweze kuishambulia.

Oruka akawakubalia kambi ya pili kwamba lazima awepo mtu na hoja yake, ila kwenye maandishi akagoma. Akachukua rekoda, yeye na wenzake, wakaenda vijijini Kenya kuwahoji wazee wanaosifika kwa hekima, na kazi hiyo ndo iliyotoka kama kitabu mwaka 1990. Wazee aliwagawa mafungu mawili. Kuna wale wanaozijua mila vizuri mno, ukiwauliza wanakupa yote bila kukosea, lakini ukibana kwanini iwe hivyo wanakurudisha kwenye "ndivyo tulivyokuta". Ogotemmêli pamoja na umaarufu wake wote Oruka alimweka huku. Alafu kuna wachache wanaojua mila vile vile ila wanaweza kusimama pembeni yake wakaihukumu.

Mfano anaopenda kila mtu ni mzee Paul Mbuya Akoko, Mjaluo, na mimi naupenda pia. Kuhusu Mungu alisema watu wake walidhani Mungu wao ni tofauti na wa makabila mengine, na katika hilo walikosea, Mungu ni mmoja kwa wote, na sababu anatoa: dunia inaenda kwa mpangilio mmoja, wangekuwepo wengi wangevurugana. Hoja yenyewe unaweza kuibishia, hata mimi naona ina matundu, mbona watu wengi wanaweza kuelewana? Ila angalia alichofanya. Amesema "wao walidhani", na hapo hapo "walikosea", na hapo hapo "kwa sababu". Ishu ya ujamaa wa Kiafrika ni hivyo hivyo, wakati wanasiasa wanaimba kwamba mababu waligawana kila kitu, Mbuya anasema kwa Wajaluo haikuwa ukarimu wa kugawa mali, mwenye ng'ombe wengi alikuwa anawapa wasio nao wawatunze, ila ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ukimwelewa vizuri hapo hajaitukana mila wala hajaipamba.

Haya, upande wa wanaopinga. Mtu wa kusikilizwa hapa ni Mnaijeria Peter Bodunrin, ambaye 1981 aliuliza swali linalouma: kuonyesha kwamba kijijini kuna mzee anayeweza kujibu swali la kifalsafa akiulizwa na profesa ni jambo moja, kuonyesha kwamba watu walikuwa na utamaduni wa kubishana kifalsafa kabla profesa hajaja ni jambo lingine kabisa. Na kilichotoka kwenye rekoda ni cha nani? Profesa ndo kachagua mada, ndo kauliza "na kwanini unasema hivyo?" mara tatu nne, ndo kaenda kuchapisha kwa Kiingereza.

Oruka alijibu kwamba hata mwanafalsafa wa chuo huwa anaamshwa na maswali ya mwenzake, na Socrates mwenyewe, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alijiita mkunga, anazalisha mawazo ya watu, mtoto ni wa mama sio wa mkunga. Jibu linapendeza ila mi naona limekwepa nusu ya swali. Mkunga wa kweli hamchagulii mama siku ya kubeba mimba. Ukimfuata mzee wa Siaya ukamuuliza kuhusu "uhuru" na "usawa" na "Mungu yupo?" tayari umempa ajenda ya lekcha room, ya kwake hujaijua, labda yeye usiku kinachomkosesha usingizi ni kwanini mvua za vuli zimehama.

Hoja ya maandishi ya Hountondji ndo sikubaliani nayo kabisa, au tuseme nakubali robo. Anasema watu wasioandika akili yao inatumika yote kukumbuka, kuhifadhi, kwa hiyo nafasi ya kukosoa inabaki ndogo. Kuna ukweli fulani. Ila hakuna kitu kimetufanya turudie bila kufikiri kama maandishi ya siku hizi, mtu ana digrii mbili anafowadi "wanasayansi wamegundua" na ukimuuliza wanasayansi gani anakununia. Na zile methali mbili za kwenye kikao chetu zinapingana, maana yake mtu lazima aamue ipi iingie lini, na kuamua ni kazi ya akili, kama hakuna anayeifanya tatizo sio kutojua kuandika.

Kuna jambo jingine halisemwi sana. Wazee watano ambao kile kitabu cha Oruka kimewaweka kwenye fungu la juu, la wanaoihukumu mila, wote ni wanaume. Hata rekoda inakwenda kwa mtu ambaye kijiji kimeshamtaja kuwa ana hekima, na kijiji kinamtaja nani, tunajua. Hapo utafiti ulioenda kumtafuta anayeihoji mila umeanzia kwa waliochaguliwa na mila hiyo hiyo.

Kinachonifikirisha zaidi lakini ni ile kesi ya S.M. Otieno. Wakili maarufu wa Nairobi, alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui, Mkikuyu, akataka azikwe huku karibu na Nairobi, ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo anazikwa kwao, yaani kijijini Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochwari mpaka Mei 1987 wakati mahakama zinavutana, ukoo ukashinda. Mmoja wa walioitwa kizimbani kama mtaalamu wa mila za Kijaluo alikuwa Odera Oruka mwenyewe. Yaani mtu aliyetumia miaka akitafuta wazee wa kusema "mimi naona", mahakama ilimhitaji aeleze Wajaluo "huamini" nini. Simlaumu, mahakama haina sanduku la kuweka wazo la mzee mmoja anayepingana na ukoo, inataka mila iwe kitu kimoja kilichonyooka ili hakimu aandike hukumu. Ila kwa mtu anayesema maarifa ni ya anayehoji, sijui usiku ule alilala vipi. Kambi zote mbili zingemcheka, Tempels angesema unaona?

Shamba letu hatukuuza, miezi kadhaa baadaye anayelitaka akarudi na bei nzuri zaidi na sababu alizozitaja shangazi zilikuwa zile zile. Juzi nikaenda kuangalia kwenye daftari la kikao, mwandiko wa binamu yangu, safi sana. Methali zote mbili zimeandikwa na majina ya waliozisema. Chini yake kuna mstari mmoja: "Baada ya majadiliano wanaukoo wakakubaliana wasubiri."